Si Jua Lililoijenga Goldpanners

Wengi wakiitaja Alaska Goldpanners, timu ya besiboli ya mjini Fairbanks, huanza na jua. Karibu na Juni 21 kila mwaka, mechi yao huanza mwendo wa saa nne usiku kwa mwanga wa jua, bila taa hata moja kuwashwa, ikavuka usiku wa manane na mpigaji bado anauona mpira unaomjia. Ni tamasha la kupendeza kweli, ila silo lililoikuza timu. Mechi hiyo ilianza mwaka 1906, Fairbanks ikiwa mji mchanga wa wachimba dhahabu, nayo timu ikazaliwa mwaka 1960. Kwa zaidi ya miaka hamsini jua lilikuwepo, Goldpanners hawakuwepo. Tena ubingwa wao wa kitaifa wa miaka mitatu mfululizo, 1972 hadi 1974, waliuchukulia Wichita, Kansas, ambako jua huzama mapema kama kwingineko.

Kilichobadilika mwaka 1960 ni mpango. Mwanzilishi wake, Red Boucher, aliyekuja kuwa meya wa Fairbanks na baadaye naibu gavana wa Alaska, alitafuta wachezaji miongoni mwa wanafunzi wa vyuo walio likizo. Kanuni za michezo ya vyuo zilikuwa kali: mwanafunzi akilipwa kwa kucheza, chuoni hachezi tena. Basi ilibidi mji umbebe mchezaji kwa njia nyingine, apate kibarua cha halali mchana, jioni aende uwanjani. Kwa maoni yangu, mwenye duka aliyetoa kibarua hicho aliijenga timu sawasawa na kocha.

Kuna watakaosema vipaji vilitoka California, Fairbanks ikavuna tu. Vilitoka huko, sikatai, lakini vilifika vikiwa vibichi. Tom Seaver alipokuja mwaka 1964 alikuwa ametoka chuo cha miaka miwili cha Fresno, huko California, na Rod Dedeaux, kocha wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitaka kwanza kuona atafanya nini Alaska kabla ya kumpa ufadhili wa masomo. Kiangazi hichohicho, kwenye mashindano ya Wichita, Seaver, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha, alishika gongo besi zote tatu zikiwa na wenzake, akaupeleka mpira nje ya uwanja. Wakarudi besi ya nyumbani wote wanne. Ufadhili akaupata, na kufikia mwaka 1967 alikuwa akiichezea New York Mets.