Je, Mwanza ni jiji kweli, au ni mji uliozungukwa na vijiji?

Panda daladala mjini kati uende Kishili, Luchelele au Kayenze. Mwisho wa safari nyumba zinaachana, mahindi yanaanza, na ng'ombe wanavuka barabara bila haraka. Kwa serikali bado uko mjini. Kwa macho yako uko kijijini.

Je, Mwanza ni jiji au siyo? Jibu fupi: kisheria ni jiji, lakini kwa sura ni mchanganyiko. Na jina hilo linagusa mfuko wako, hasa ukitaka kununua kiwanja au kuvuta umeme.

Jiji linaanzia wapi na kuishia wapi?

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na bandari ikapata kazi zaidi ya kusafirisha pamba na mizigo ya ziwani. Mwaka 2000 Mwanza ikapewa hadhi ya jiji.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Tangu mwaka 2012 Ilemela ina halmashauri yake ya manispaa, na makao yake makuu yako Buswelu. Halmashauri ya Jiji la Mwanza imebaki na wilaya ya Nyamagana tu. Kwa hiyo uwanja wa ndege, Kirumba na soko la samaki la Mwaloni, vyote viko Ilemela, ingawa watu wote wanasema "Mwanza mjini".

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Jumla ni 1,104,521. Mwaka 2012 wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 706,453. Ndani ya miaka kumi wameongezeka karibu 400,000.

Sura tatu za Mwanza

*Mjini kati.* Hapa ni Pamba, Mirongo, Nyamagana na maeneo ya bandari. Kuna maghorofa, benki, maduka ya jumla na machinga. Isamilo na Capri Point ndiyo sehemu za nyumba zenye nafasi, au "uzunguni" kama wazee wanavyopaita.

*Milimani.* Mabatini, Igogo, Kitangiri na kwingineko nyumba zimepanda juu ya miamba, zimebanana, na nyingi zilijengwa kabla ya kupimwa. Gari halifiki kila mahali, unamalizia kwa miguu. Ukitaka kuona msongamano wa mjini Mwanza, uko hapa kuliko kwenye maghorofa.

*Pembezoni.* Buhongwa, Kishili, Luchelele, Buswelu, Sangabuye, Bugogwa, Kayenze. Nyumba mpya za bati za rangi zimesimama katikati ya mashamba ya mihogo, na kando ya ziwa kuna mialo ya wavuvi. Kila mwaka shamba linakatwa viwanja.

Jiji nalo linahamia huko huko. Stendi kubwa za mabasi sasa ziko Nyegezi upande wa kusini na Nyamhongolo kwenye barabara ya Musoma, si mjini kati.

Marekani nao wana swali hili

Huko watu hubishana kama miji yao ni miji kweli, maana wakazi wengi wanaishi nje ya katikati ya mji, kwenye nyumba zenye bustani na gereji. Mtindo huo ulipamba moto baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Levittown, karibu na New York, ilianza kujengwa mwaka 1947 kwa nyumba zinazofanana, na sheria ya barabara kuu ya 1956 ikarahisisha kuishi mbali na kuja mjini kwa gari.

Linganisha idadi ya watu kwa kilomita moja ya mraba ya nchi kavu. New York ina zaidi ya 11,000. Houston, moja ya miji mikubwa kabisa ya Marekani, ina kama 1,400 tu. Nyamagana, pamoja na mashamba na milima yake, ina kama 3,200. Yaani kwa kipimo hicho Mwanza ni mji kuliko Houston.

Lakini tofauti kubwa ni mpangilio. Kwenye mtaa kama Levittown, barabara, maji na umeme vilipangwa pamoja na nyumba. Kwetu nyumba inatangulia, huduma zinafuata. Mtu anajenga, anahamia bila dari, anachota maji kwa jirani, na bodaboda ndiyo usafiri wake mpaka barabara ichongwe.

Jina linavyogusa mfuko

*Umeme.* Januari 2022 gharama ya kuunganisha umeme mijini ilirudi Sh320,960 kwa mteja aliye ndani ya mita 30 asiyehitaji nguzo. Vijijini ilibaki Sh27,000. Malalamiko yalikuja haraka kutoka pembezoni mwa miji: mtu analima, anafuga, hana lami, lakini anatozwa bei ya mjini.

*Ardhi.* Kijijini ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mwananchi hupata hati ya hakimiliki ya kimila. Katika Jiji la Mwanza hakuna kijiji wala kitongoji, kuna mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi. Kiwanja kinahitaji kupangwa na kupimwa, kisha hatimiliki.

Hata neno "kitongoji" linachanganya. Magazeti huliita hivyo eneo la nje ya mji, lakini kisheria kitongoji ni sehemu ya kijiji au ya mji mdogo.

Kisesa na Usagara je?

Ukipita Igoma unafika Kisesa, ambayo iko wilaya ya Magu. Ukipita Buhongwa unafika Usagara, wilaya ya Misungwi. Wakazi wengi wa huko wanafanya kazi na biashara Mwanza, lakini kwenye ramani si jiji. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Njia ya kwenda huko inapita Usagara, hivyo tegemea ujenzi uzidi upande huo.

Kabla hujatoa hela ya kiwanja, uliza haya:

- Eneo liko Jiji, Manispaa ya Ilemela, Magu au Misungwi?
- Ni mtaa au ni kijiji? Kama ni kijiji, halmashauri ya kijiji inaujua uuzaji huo?
- Limepimwa? Lina namba ya kiwanja na ramani iliyoidhinishwa?
- Nguzo ya umeme iko mita ngapi, na ni bei ya mjini au kijijini?
- Bomba la maji limefika, au ni kisima?

Dalali atakwambia "hapa ni mjini kabisa". Majibu ya kuaminika yako ofisi ya ardhi ya halmashauri husika. Nenda huko kwanza.