Wafumaji Wadogo wa Waldersbach

Sisi tuliozeekea kwenye chekechea za kanisa, tukifuta kamasi na kufunga kamba za viatu, hupenda kumtaja Froebel kama mwanzilishi wa chekechea. Mimi hurudi nyuma zaidi. Kabla hajazaliwa, kule milima ya Vosges, Ufaransa, palikuwa na Sara Banzet.

Alikuwa binti wa kijiji cha Belmont, katika usharika fukara wa Waldersbach, ambako mchungaji Mlutheri Jean-Frédéric Oberlin alihamia mwaka 1767. Wazazi walishinda mashambani, watoto wakibaki wanazurura. Sara akawakusanya kwenye chumba chenye jiko la kupashia joto, akawafundisha kufuma. Baba yake hakufurahia, lakini Oberlin aliposikia alimwajiri, na vyumba vya namna hiyo vikafunguliwa vijiji vya jirani.

Fikiria mtoto mdogo na sindano mbili, uzi umemponyoka, huku mwalimu akisimulia habari za Biblia bila kuinua macho kutoka kwenye soksi yake. Wakichoka, wanaimba, au wanaonyeshwa picha za mimea na wanyama, na kutaja kila jina kwa Kifaransa badala ya lugha ya kwao. (Hilo la lugha sikubaliani nalo.)

Sara alifariki 1774, bado kijana. Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani kwa Oberlin kama mtumishi, aliendeleza kazi kwa miongo mingi na kukataa mshahara. Mwaka 1829 Académie française ilimtunuku tuzo ya wema. Fedha akazipeleka kwenye kazi ile ile.