Didier Etumba, mtu wa jeshi la majini aliyeongoza FARDC yote

Huku Bafwasende watu wanazoea askari wa nchi kavu. Bahari ya Kongo iko mbali, Muanda, tena pwani yake haifike hata kilomita 50. Lakini mtu wa majini ndiye aliongoza majeshi yote karibu miaka 10.

Didier Etumba Longila alikuwa vis-amirali wakati Rais Joseph Kabila alimuteua mkuu wa majeshi, Novemba 2008, pahali pa Dieudonné Kayembe. Wapiganaji wa Nkunda walikuwa karibu na Goma. Baadaye akaitwa jenerali.

Mwaka mgumu ulikuwa 2012. Juni, Mai-Mai wa Morgan walishambulia Epulu, ku barabara ya Bafwasende kwenda Mambasa. Novemba, M23 wakaingia Goma. Mwaka uliofuata wakashindwa. Julai 2018, Célestin Mbala akachukua nafasi yake.