Chuo cha Malmö: Miaka 40 ya Kuwafundisha Wanaosimamia Bahari

Umeme ukikatika melini, jenereta ya dharura lazima iwake yenyewe na kuanza kufanya kazi ndani ya sekunde 45. Mkaguzi anayejua kazi hamuulizi nahodha kama jenereta ni nzima. Anaagiza umeme ukatwe, anatazama saa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mataifa mengi machanga yalikuwa na bandari na bendera zao melini, ila wakaguzi wa namna hiyo walikuwa haba.

Pengo hilo lilimkera C. P. Srivastava, Mhindi aliyekuwa Katibu Mkuu wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini. Uswidi ikajitolea kuwa mwenyeji, na Julai 4, 1983 Chuo Kikuu cha Bahari Duniani kikafunguliwa mjini Malmö.

Hakikuwa chuo cha manahodha. Mkataba wa STCW wa 1978, unaoweka viwango vya mafunzo ya mabaharia, ulianza kutumika 1984, na cheti cha baharia kina thamani gani kama ofisi inayokitoa haina mtu anayejua anachokitia sahihi? Kwa hiyo walioitwa ni maofisa wa wizara, wakufunzi wa vyuo vya ubaharia na wasimamizi wa bandari, wengine wakiwa wameshakula chumvi baharini. Kenya na Tanzania nazo zilipeleka watu wao.

Malmö yenyewe ilikuwa matangani. Kiwanda cha Kockums kiliacha kuunda meli za biashara miaka hiyo hiyo ya 1980, na winchi yake kubwa ikaja kuuzwa kwa dola 1, ikapelekwa Ulsan, Korea Kusini. Wakorea walifaidi kingine pia mjini humo: Kitack Lim, mhitimu wa chuo hicho, alikuwa Katibu Mkuu wa IMO tangu 2016 hadi 2023.

Wanawake walichelewa kufunguliwa mlango. IMO ilianza mpango wa wanawake wa sekta ya bahari mwaka 1988. Mwaka 2007 chama cha wanawake wa sekta hiyo wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, WOMESA, kikazinduliwa Mombasa. Chuo kilimpata mkuu mwanamke, Cleopatra Doumbia-Henry wa Dominica, mwaka 2015 tu. Ni muda mrefu mno.

Mei 2018, kwa fedha za wafadhili wakiwemo Nippon Foundation ya Japani, ikafunguliwa chuoni taasisi ya utafiti wa bahari, na mawazo yakavuka meli hadi uvuvi, plastiki na sheria za bahari kuu. Mwelekeo huo ulionekana Kenya pia: Novemba mwaka huo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa uchumi wa buluu, yaani uchumi wa rasilimali za maji.

Mwaka 2023 uongozi wa chuo ulikwenda kwa Max Mejia, Mfilipino aliyesoma hapo hapo. Julai mwaka huo nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kupunguza gesi joto za meli hadi sifuri halisi ifikapo 2050 au karibu na hapo. Methanoli na amonia ni miongoni mwa nishati zinazotazamiwa, na amonia ni sumu. Mafundi wa mitambo waliozoea dizeli itabidi wafundishwe upya, na walimu wao kabla yao.