Meza, Kopo na Muhogo: Mreno Aliyebaki Jikoni

Ukitaka kula chakula chenye historia ya Kireno hapa Al Kamil wal Wafi, huna haja ya kupanda ndege kwenda Lisbon. Nenda kwa bibi Ijumaa. Muhogo wa nazi upo, pilipili ya kupondwa ipo, nanasi limeshakatwa. Kaa mezani, shika kopo la maji. Mpaka hapo umeshatumia maneno mawili ya Kireno, meza na kopo, na mbele yako kuna vitu vitatu ambavyo miaka 600 iliyopita hakuna mtu wa Oman wala wa pwani ya Afrika aliyewahi kuvionja.

Na bado kuna anayetuambia: "Hiki chakula chenu si cha Kiomani." Wengi wetu tumeshayasikia haya, skuli au kazini. Kabla ya kukasirika, tuangalie hicho chakula kilifikaje hapa.

Wareno wenyewe walikuja kwa mizinga. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliichoma Mombasa. Upande wetu huu, Afonso de Albuquerque aliipiga Qurayyat na Muscat mwaka 1507, na mwaka uliofuata akaichoma Qalhat, mji wa bandari uliokuwa kaskazini ya Sur. Magofu yake bado yapo, ukipita njia ya pwani unayaona. Kwa hiyo watu wa Sharqiyah na watu wa Mombasa walionja moto wa adui mmoja, ndani ya miaka ile ile.

Imamu Sultan bin Saif wa Yaariba aliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Lakini Waomani hawakuishia hapo, waliwafuata mpaka Afrika. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilizingirwa mwaka 1696 na ikaanguka Disemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu. Wanajeshi wakaondoka. Vitu vyao vikabaki.

Vilibaki kwenye ulimi kwanza. Meza ni mesa, kopo ni copo, leso ni lenço, bendera ni bandeira, kasha ni caixa. Neno gereza linatokana na igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome za Kireno kulikuwa na kanisa, na baadaye ngome zikatumika kufungia watu, basi jina likahamia kwa jela.

Halafu vilibaki shambani. Muhogo, mahindi, pilipili kali, nanasi, papai, mapera na korosho vyote asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Wareno walikuwa na Brazil mkono mmoja na Goa mkono wa pili, na pwani yetu ilikuwa katikati ya njia. Meli zilihitaji chakula cha safari, mbegu na vipande vya miti vikashuka bandarini. Angalia hata jina mahindi: watu wa pwani waliyaona kama kitu cha Hindi, kwa sababu bahari ndiyo iliyoyaleta.

Sasa hapa kuna jambo linalonifurahisha. Mikahawa midogo ya Ureno, ile wanayoiita tasca, yenye meza chache na mwenyewe jikoni, hupika chakula cha mkoa alikotoka mpishi. Ukila cha Alentejo utapata mkate ulioloweshwa supu ya kitunguu saumu na kotmiri. Karibu kila mahali utapata bacalhau, samaki mkavu wa chumvi, ambaye mtu wa Sur aliyezoea papa na ng'onda hatamshangaa hata kidogo. Lakini ukiagiza kuku wa kuchoma, utaulizwa kama unamtaka na piri-piri. Neno hilo ni letu! Limetoka kwenye lugha za pwani ya Afrika Mashariki. Sisi tulikuwa na neno pilipili tangu zamani, ni ndugu wa filfil ya Kiarabu na yote mawili yana asili ya Kihindi. Mreno akatuletea mmea mpya, tukaupa jina la zamani, na yeye akalichukua jina letu akarudi nalo kwao. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Wareno wengi waliondoka na mapishi hayo, wengine wakaenda Ureno, wengine Afrika Kusini. Kampuni ya Nando's ilianzia huko, Johannesburg, mwaka 1987.

Hadithi ingekuwa tamu tukiishia hapo. Lakini haijaisha.

Katika karne ya 19, Waomani wengi, na wa Sharqiyah wakiwamo, walikuwa na mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Waliolima walikuwa watumwa, na chakula chao kikubwa kilikuwa muhogo. Walipewa vipande vya ardhi wajilimie wenyewe, ili bwana asigharamike kuwalisha. Muhogo hauhitaji mvua nyingi, unasubiri ardhini mpaka utakapouchimba. Ndiyo maana ulimfaa mtu ambaye muda wake si wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko mwaka 1897. Kwa hiyo muhogo wa nazi wa bibi umepita kwenye meli ya Mreno, halafu kwenye jembe la mtumwa, ndipo ukafika kwenye sinia la familia ya Kiarabu. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita watu warudi, ukapanda ndege na kuja hapa.

Jamani, tunapenda kusema "chakula chetu" na kuishia kwenye meli na majahazi. Tukisema chetu, tuseme chote. Wapishi waliotufundisha kuupika si mabibi wenye mashamba peke yao. Katika familia nyingi, aliyekuna nazi na kumenya muhogo hakuandikwa kwenye shajara ya ukoo wowote.

Na yule anayesema si cha Kiomani, mwambie taratibu: pilipili na nyanya zilizomo kwenye chakula chake zilivuka bahari ile ile, kutoka bara lile lile. Leo chipsi za muhogo zinauzwa mitaani Oman, na wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili wanauita kwa jina lake. Chakula huwa cha mahali pale watu wa pale wanapokipika kila siku na kuwalisha watoto wao. Muhogo umeshatimiza hilo Oman, kama ulivyolitimiza Unguja, na kabla ya hapo Brazil.

Ijumaa hii muulize bibi nani alimfundisha kuupika. Halafu muulize na huyo alifundishwa na nani, na jina lake likipatikana, liandike.