Negativu za Kalenga na Hesabu ya Nukta

Mwaka 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, miaka hamsini na sita baada ya kifo chake. Gavana Edward Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, mbele ya umati mkubwa, na picha zikapigwa. Mgeni atazamapo picha za siku kama ile huwaangalia wakubwa waliosimama mbele. Mwenyeji hutafuta nyuma, katika nyuso ndogo mithili ya punje za ulezi, ajue kama babu yake alikuwapo.

Zamani fundi aliingia chumba cha giza, akapandisha mashine ya kukuzia, akaukuza uso autakao kutoka negativu yenyewe. Leo negativu huskaniwa nyumbani, na kisichochukuliwa siku hiyo hakitapatikana katika nakala hiyo kamwe.

Hesabu yake si ngumu. Chapa nzuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Basi picha ya inchi 8 kwa 10 yataka nukta 2,400 kwa 3,000. Filamu ya milimita 35 ina picha yenye upana wa milimita 24, pungufu kidogo ya inchi moja, hivyo yapasa iskaniwe kwa nukta 2,540 hivi kwa inchi. Filamu pana ya 120, yenye picha ya mraba wa milimita 56, hutosheka na 1,100 kwa chapa ya inchi 8. Atakayekutajia nambari moja kwa filamu zote hajazipima.

Hasara ya kuchukua kidogo yaonekana katika picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nchini wakati wa utawala wa Kijerumani. Mkusanyo wake umo katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilizitoa picha zake nyingi kwa umma kupitia Wikimedia Commons. Ukarimu huo wastahili shukrani; lakini nakala zilikuwa ndogo, upande mrefu nukta 800 hivi. Gawanya kwa 300: hazifiki inchi tatu.

Kuzidisha nako hakufai. Skana za mezani zinazojinadi kwa nukta 6,400 aghalabu haziwezi kupambanua hata nusu yake, na picha moja ya rangi ya milimita 35 huzaa faili la megabaiti 165, lililojaa chembe za filamu na vumbi.

Hata hivyo, kwa familia za Iringa na Mbeya, zenye negativu katika makopo ya biskuti, ningeshauri kuzidi kidogo mahitaji ya ukuta wa sebule. Filamu ya asetati huoza ikitoa harufu ya siki. Baridi ya miji hii, iliyo juu ya mita 1,500, huchelewesha uozo, lakini unyevu wa miezi ya mvua huuharakisha, na huenda kopo lisifunguliwe tena kabla haujamaliza kazi yake. Kwa milimita 35 nachagua 3,200, kiwango ambacho skana nzuri ya filamu hukifikia kweli. Uso wenye upana wa milimita mbili katika negativu hupata nukta 44 tu katika nakala ya nukta 800, na macho huwa madoa mawili. Kwa 3,200 hupata nukta 250, na mjukuu aweza kuona kama ni yeye.