Chura wa Kihansi na Funzo kwa Ngaka

Mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakikagua korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walimkuta chura ambaye hakuwahi kuandikwa katika kitabu chochote cha sayansi. Alikuwa wa rangi ya manjano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ncha ya kidole. Hakutaga mayai kama vyura tuwajuao. Alizaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani chini ya maporomoko, yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maji yaangukayo.

Balaa la kiumbe huyu ni kwamba aligunduliwa akiwa tayari amekwisha kuhukumiwa. Ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umeanza. Maji yaliyomlisha manyunyu ndiyo yaliyokuwa yakichepushwa kwenda kuzungusha mitambo ya megawati 180. Kiasi hicho, ndugu msomaji, hakikuwa kidogo: mabwawa yote ya umeme nchini wakati huo, kuanzia Kidatu na Mtera hadi Hale, yakijumlishwa na Kihansi hayakufika megawati 600. Mitambo ilipowashwa mwanzoni mwa mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaondoka korongoni, na manyunyu yakakoma.

Yaliyofuata ni historia ya kuhangaika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani za wanyama, ya Bronx ikiwa miongoni mwazo. Korongoni kukafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Kwa muda ilionekana kama dawa imekolea: katikati ya mwaka 2003 makadirio yalikaribia vyura 20,000. Kisha, ndani ya miezi michache, wakatoweka. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ugonjwa wa ngozi usababishwao na kuvu ulithibitishwa; wataalamu walitaja pia tope na viuatilifu vilivyoshuka na maji yaliyofunguliwa bwawani. Wanasayansi wamebishana juu ya uzito wa kila sababu, lakini mwili uliokwisha kudhoofishwa hauhitaji pigo kubwa. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika mazingira yake ya asili.

Huko ughaibuni nako walikaribia kwisha. Wakati fulani walibaki chini ya mia moja. Walezi wakajifunza polepole chakula chake, mwanga wake na unyevu wake, na idadi ikapanda. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi nyumbani, likapokelewa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 vyura wapatao 2,000 wakarudishwa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya chura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili.

Wengi walicheka. Walihoji iweje taifa lenye vijiji visivyo na zahanati lihangaike kumpandisha chura ndege. Swali hilo si la kubezwa, na anayelijibu kwa kumwita muulizaji mjinga hajalielewa. Mimi nalijibu hivi: gharama ile haikuletwa na chura. Ililetwa na mpangilio mbaya wa kazi. Tulichimba kwanza, tukachunguza baadaye. Laiti uchunguzi ungetangulia, maji ya kutosha yangetengwa kwenye michoro tangu mwanzo, na nchi isingelazimika kutafuta kwa fedha nyingi kile ilichokuwa nacho bure. Mwiba huingilia utokeapo.

Sasa nishuke nyumbani. Sisi wa Mbinga tuliisikia Kihansi redioni kwa miaka mingi bila kuwashiwa hata taa moja nayo. Mkoa wa Ruvuma uliendelea kutegemea majenereta ya dizeli hadi njia ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Ndiyo maana sitamlaumu mtu wa kwetu anayetaka maendeleo haraka. Aliyekaa gizani hafundishwi thamani ya taa.

Lakini kwetu pia kuna Ngaka. Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa pale, na tangu serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, uhitaji wa viwanda vya saruji umeyapa soko kubwa. Malori yamekuwa sehemu ya maisha ya barabara zetu. Makaa hayo yamo katika bonde la Ruhuhu, na Ruhuhu humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Kutoka ziwani, samaki aitwaye mbasa hupanda mito kwenda kuzaa. Mbasa akikuta mto una tope zito au maji yaliyochafuka, hana korongo jingine la kukimbilia, wala hakuna bustani ya Bronx inayomlea.

Sisemi kwamba mgodi umemuua mbasa. Ushahidi wa kusema hivyo sinao, na msomi hahukumu kwa hisia. Ninauliza swali la Kihansi: je, tumewahesabu kabla ya kuwapoteza? Chura wa Kihansi aliweza kurudi kwa sababu moja tu: alikuwa ameonekana, akapewa jina, akahesabiwa, na mbegu yake ikawekwa akiba. Kiumbe asiyejulikana hutoweka bila tanzia, na asiyekuwa na tanzia hana ufufuo.

Nchi ilijifunza kwa kiasi fulani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza, na inampa mwananchi nafasi ya kusema. Ofisa wa halmashauri anayesoma haya ajue kwamba tathmini si karatasi ya kufungia jalada. Mwanafunzi wa baiolojia ajue kwamba hakuna haja ya kwenda Udzungwa kutafuta mada, Ruhuhu inamngoja. Mwanaharakati naye aombe takwimu za maji kabla ya kuandika bango.

Na tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni. Wamatengo walilima miteremko mikali kwa ngolo, yale mashimo yanayoshika maji na kuzuia udongo usishuke bondeni, muda mrefu kabla ya sheria yoyote ya mazingira kuandikwa. Walijua kwamba anayeishi juu ana deni kwa anayeishi chini.

Chura wa Kihansi amerejea, lakini kurejea kwake ni kwa mgonjwa aliyetoka wodini akiwa bado anatumia dawa: anategemea mabomba, fedha na uangalizi wa watu. Maporomoko yalimpa yote hayo bila ankara. Ruhuhu bado inampa mbasa bila ankara. Tuihesabu neema hiyo ingali hai.